Mpelelezi wa Mihogo

Ngwa, ngwa, ngwa. Mpaka leo nalisikia lile beseni la chuma likigongwa kwa mwiko. Nkambo ndiye nyanya yangu aliyenilea; jirani yake alikuwa anapita mlango kwa mlango katika kijiji chetu upande wa Nzilo.

"Aliyebeba mihogo yangu mtoni airudishe. Jua likizama, kesho namutaja kanisani."

Kila mtu alijua atamtaja nani. Vidimbwi vyake na vya nkambo vya kulowekea mihogo vilipakana.

Nilikuwa nimekuja vakansi, shule zimefungwa, na begini nilikuwa na riwaya ya Kifaransa isiyo na jalada, ya sokoni Kolwezi. Mpelelezi wa kukodiwa anafika kijijini, anatazama viatu vya watu, na kabla ya chai anamjua muuaji. Nilishaisoma mara tatu. Leo kesi imenifuata mwenyewe. Nkambo alikuwa analia, na mimi, Mungu anisamehe, moyo ulikuwa unarukaruka.

"Nimezeekea hapa, leo niitwe mwizi," akasema. "Ule mto sikanyagi tena."

"Ikala, kaa tu, nkambo. Mi niko na kazi."

Mtoni nikatafuta alama za viatu. Nani anaingia majini na viatu? Nyayo zilikuwa za kijiji kizima. Lakini mawe yaliyokandamiza gunia la mihogo la jirani yalikuwa yamepangwa vizuri kando, moja juu ya lingine. Mwizi gani ana muda wa kupanga mawe?

Nikarudi kwa jirani. Wote wa nyumbani mwake alishawauliza.

"Na bibi wa mutoto wako?"

"Ule? Hatuyamufungua kinywa bado."

Kwetu bibi harusi hasemi na mama mkwe mpaka apewe kuku. Huyu alikuwa anamngojea kuku wake tangu mvua za kwanza.

Nikamkuta nyuma ya jiko, anatwanga.

"Ni mi njo niliitoa," akaninong'oneza. "Ilikuwa imeiva majini, imelainika, ingeoza. Nikaianika kule juu ya lile jiwe kubwa."

"Mbona hukusema?"

"Kwa kinywa gani, yaya, dada yangu? Na bwana yangu alishaenda kazi ya mgodi kule Mashamba."

Nilikimbia mpaka kandambili ikakatika. Mihogo ilikuwa pale, myeupe, imetandazwa kama nguo za Pasaka. Nikawaita watu. Jirani akaitazama, akamtazama mkwe wake, akaenda kukamata kuku.

"Shika. Sasa sema."

Bibi harusi akapiga magoti. "Aksanti, mama. Ile beseni ni yangu ya ndoa. Usiipasue."

Tulicheka mpaka jirani naye akacheka. Kisha akaja kwa nkambo, akapiga makofi ya kuomba msamaha, polepole, na nkambo akaitikia.

Lakini mtoni akakataa kwenda. "Roho imesamehe. Miguu ingali na haya."

Alfajiri nikateremka mtoni peke yangu. Katika kidimbwi cha nkambo nikauminya muhogo mmoja kwa kidole gumba, ulikuwa laini. Nikakunja kitenge mpaka magotini, nikaingia majini, nikaanza kuitoa mihogo yake, mmoja mmoja.