Dishi la Mama Rodah

Radi ya mwezi wa nne iliunguza dikoda ya televisheni ya Mama Rodah, pale juu ya soko la Roret anakochuma majani yake ya chai. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa kituo cha kununulia chai, akipima majani ya watu kwa miaka ishirini na miwili. Binti yake Janeffer, mwalimu wa Kabianga, akamletea dikoda mpya. Kilichobaki ni kuiunganisha na dishi la zamani.

Akamwita fundi Weldon kutoka sokoni. Weldon alifika, akatazama dishi nyuma ya nyumba, akauliza, "Mzee wa boma ako wapi?"

"Mzee alifariki, miaka sita sasa. Ongea na mimi."

Hakuongea naye. Alimwona Kipkurui, shemeji yake Rodah, akipita na ng'ombe, akamwita hadi uani. "Mzee, hii dishi ni ya kitambo. Haiwezi shika dijito, hizi stesheni za kisasa. Mwambie mama anunue ingine."

Rodah alikuwa amesimama hapo hapo, katikati yao.

"Dishi ni bakuli tu," akasema. "Bakuli linajua mambo ya dijito?"

Weldon akacheka. Kipkurui naye akacheka, na kicheko hicho cha pili ndicho kilichomchoma Rodah. Dishi hilo walilisimamisha yeye na marehemu mumewe. Yeye ndiye aliyechimba shimo la nguzo na kuchanganya simiti. Leo anaelezewa kupitia kwa mtu ambaye hata spana hajawahi kushika!

Weldon akafungua lile jicho la mbele ya dishi, linalopokea mawimbi. Akasema anakwenda kulipima dukani, akaondoka nalo. Siku nne zikapita. Rodah alipompigia simu, hakushika.

Siku ya tano Rodah alishuka Roret. Jicho lake alilikuta juu ya kaunta ya Weldon, limefutwa vumbi, limepangwa na vitu vya kuuzwa. Alilijua kwa rangi ya kijani iliyolidondokea walipopaka geti.

"Weldon, hiki ni nini?"

"Ah, mama, hiyo ilikuwa imekufa. Ningekuletea mpya."

"Imekufa, na unaiuza? Unamuuzia nani maiti?"

Wateja wawili wakageuka. Weldon akashusha sauti. "Mama, tusipigiane kelele. Nitaongea na mzee."

"Mzee gani? Dishi ni langu! Nyumba ni yangu! Ungenijibu mimi siku ile, leo nisingekuwa hapa." Akachukua jicho lake, akalitia kwenye kikapu, akatoka.

Nyumbani, alipolirudisha jicho mahali pake ndipo alipoona ubovu wenyewe. Ncha ya kebo ilikuwa imeingia maji, waya wa ndani umegeuka kijani. Weldon alikuwa ameishika kebo hiyo kwa mkono wake alipofungua jicho, na hakusema kitu! Rodah akakata urefu wa kidole, akachuna upya kwa kisu, akakaza. Jirani yake Aoko akakaa mbele ya televisheni akimsomea kupitia dirisha namba za nguvu ya mawimbi.

"Ishirini! Arobaini! Umepitisha, rudisha!"

Rodah akasukuma dishi kidogo kidogo, kama upana wa ukucha.

"Sabini! Wacha hapo, usiguse!"

Akakaza nati. Aoko akabonyeza rimoti kutafuta stesheni, zikaanza kujipanga moja moja, na sauti ya mtangazaji ikajaa sebuleni. Waliangaliana, wakacheka hadi Aoko akafuta machozi.

Jumapili baada ya kanisa Kipkurui aliingia kwa chai, akaona picha safi, habari zikisomwa. "Kumbe yule kijana alirudi," akasema. "Amefanya kazi nzuri."

Rodah akaweka birika chini, akachukua rimoti, akazima televisheni.

"Shemeji, kaa. Kwanza nikwambie ni nani ametengeneza. Habari utaona baadaye."