Turubai Lisilo na Tumbo

Asubuhi hii ya Jumamosi, barazani mwa nyumba moja ya komuni ya Kisangani, katika mji wa jina hilohilo nchini Kongo, wapo watu wanne. Yupo Mama Hélène, mwenye nyumba. Yupo mumewe, Papa Anselme, mwalimu mstaafu ambaye miguu yake haimfikishi tena mbali kuliko kiti chake cha barazani. Yupo Guelord, mwenye mashua ya mbao inayopeleka mizigo Isangi, aliyekuja na mfuko wake begani. Na juu ya ngazi, sindano nene imebanwa mdomoni, yupo Berthe, mshonaji wa maturubai.

Anafungua turubai lililochanika, ambalo watu wa hapa huliita bashi. Alilishona mwenyewe mwezi uliopita.

"Mara hii usinioshe, Mama Berthe," Papa Anselme anamwambia. "Nimesha kuoga."

"Papa, leo utabaki mukavu," Berthe anamjibu, akiitoa sindano mdomoni.

Berthe alizaliwa Yanonge, katika familia ya wavuvi, na kazi alijifunzia mtoni. Kwa miaka kumi na miwili ameshona maturubai ya mashua, akisafiri na mashua hizo hata wiki tatu. Huko, turubai jema huachwa lilegee katikati. Mvua ikinyesha, maji hukusanyika katika tumbo hilo, na wasafiri huyateka kwa kunywa na kupikia, maana ya mto yana tope.

Kazi yake ya kwanza ya nchi kavu, turubai la baraza hii, aliifanya vivyo hivyo. Mvua kubwa ya kwanza ikajaza tumbo, fremu ya chuma ikapinda, mshono ukaachia, na maji yote yakamwangukia Papa Anselme kitini.

"Nilizania muto ya Tshopo imehama, imekuja kwangu," anasema mzee, bila kinyongo.

Berthe siku ile hakucheka. Alikuwa ameamua kutafuta kazi za nchi kavu kwa ajili ya binti yake, Tania, mwenye miaka saba. Kila mara Berthe anaposafiri, mtoto hulala kwa jirani.

"Siku moja nilirudi, nikamusikia anaita ule jirani 'mama'," anasimulia, akivuta uzi. "Mimi ananiita 'Mama Berthe', sawa vile batu bote."

Habari ya turubai lililoanguka ikaenea mtaani, na aliyekuwa ameagiza la pili akaghairi. Guelord akampa nafasi: mashua yake inaondoka leo mchana, na inamhitaji. Berthe aliomba jambo moja tu, kwanza amalize kwa Papa Anselme.

"Ikianguka tena, tunaenda," Guelord anamkumbusha. "Mayi inakujua. Ukuta haikujui."

"Tonton, uache kwanza bashi iseme."

Fremu imekwisha kunyooshwa. Kitambaa kipya amekikata kifupi kuliko cha kwanza. Ukingo wa nyuma ameufunga juu ukutani, wa mbele ameushusha. Kona moja ameishusha zaidi, pale Mama Hélène alipoweka pipa. Maji ya mvua Berthe hataki yapotee bure. Kisha anakaza kamba katika pete za chuma, moja upande huu, moja upande ule, na kila mara anakipiga kitambaa kwa kiganja. Mwanzoni kinatoa sauti ya nguo iliyolowa. Mwishowe kinalia kama ngoma.

"Bon. Mayi."

Mama Hélène anamnyooshea ndoo ya maji, kisha anamgeukia mumewe. "Papa, sogea kidogo."

"Sisogei. Kama kiti iko wazi, tutapima nini?"

Berthe anainua ndoo juu ya turubai. Halafu anamwaga. Maji yanateleza hadi ukingoni, yanakimbilia kwenye kona, yanaanguka pipani kwa kishindo. Anamwaga ndoo ya pili, akitazama katikati ya kitambaa. Katikati hakuna kitu.

Papa Anselme anajipapasa kichwa, kisha mabega, taratibu, kama mtu anayesahihisha mtihani.

"Niko mukavu," anasema. "Hata jasho hakuna."

Guelord anaokota mfuko wake. Berthe anashuka ngazi, anapangusa mikono kwenye kitenge, na kuwageukia wote watatu.

"Musikie. Mimi sipandi tena mashua. Tonton Guelord, bashi yako ikipasuka, uilete kwangu kwa nyumba, nitaishona na tumbo yake. Na leo hii naenda kwa jirani kumuchukua Tania, na nguo yake yote."