Kitabu Kilichofunga Njugu

Harufu ya karatasi ikiungua karibu na njugu naijua mpaka leo. Ikinipata sokoni, nasimama kando kwanza. Siku Senge Rispa alipotupa kurasa zangu za mwisho ndani ya jiko, msichana wa kwenye kitabu alikuwa bado hajarudi kwao. Niliingiza mkono motoni. Kidole hiki cha mwisho hakikunjiki vizuri mpaka sasa, na karatasi sikuipata.

Wacha nirudi nyuma, mnielewe.

Mama yangu alizikwa nyumbani, upande wa Kimilili. Kwetu, siku chache baada ya mazishi watu hukaa tena, wafiwa wananyolewa nywele, na mambo ya marehemu yanatajwa mbele ya ukoo: nani ana neno naye, deni au lawama, na watoto wake wanaenda wapi. Tulikaa kwa nyasi, vichwa vinang'aa kama viazi vilivyomenywa. Senge Rispa, dada ya baba, aliyekuwa ameachana na mume, akasimama na leso mpya. "Huyu Naliaka mnipee mimi. Nitamsomesha Kitale." Wamama wakapiga vigelegele. Baba mkubwa Wanyama, aliyeongoza kikao, akauliza kama kuna mwenye neno. Baba yangu alikuwa anatazama chini. "Basi, imepita," Wanyama akasema, na mimi nikafurahi kama mjinga.

Shule ya Kitale niliipita kwa nje tu. Senge alinipa gunia la kukalia na karai la njugu, nikauza kando ya barabara ya kwenda Kipsongo, yeye akikaanga hapo nyuma. Karatasi za kufungia alinunua kwa kilo: mitihani ya watu, magazeti, vitabu visivyo na jalada. Kazi yangu ilikuwa kuchana ukurasa, kuuzungusha kama pembe, kujaza, kukunja mdomo.

Ndipo nikakutana na huyo msichana. Jina la kitabu sijui mpaka leo. Alikuwa mwanafunzi, umri wa kutoka chunusi, akainama kisimani kuchota maji, akatokea nchi nyingine, jua lake la kijani, watu wanatembea bila vivuli. Walimwita mgeni, wakamkaribisha vizuri, kisha wakampa ndoo awachotee maji kila siku. Kila mtu alimwambia ana bahati. Njia ya kurudi ingefunguka tu kama mtu wa kwao angeinama kwenye kile kisima amwite kwa jina.

Nilijiwekea sheria: siuzi ukurasa ambao sijasoma. Kwa hivyo hadithi ilitawanyika Kitale, na chumvi yake na mafuta yake. Barasa, fundi wa baiskeli aliyekuwa jirani yetu hapo, alikuja asubuhi moja akijifanya amekasirika.

"We kasichana, jana umenipea vita nusu. Yule wa mkuki alishinda?"

"Alianguka kwa mto."

"Ala! Na msichana?"

"Bado ako huko."

"Si wamuite, bana! Kwani watu wa kwao wanafanya nini?"

Akanunua zingine, akichagua karatasi badala ya njugu. Nilicheka sana. Sikumbuki kama nilicheka tena mwaka ule.

Wanyama naye alifika. Alikuja Kitale kutafuta mbegu ya mahindi, saa ambazo watoto wenzangu wako darasani, akanikuta nimekalia gunia. Niliruka nikasimama. Moyoni nikasema, huyu amekuja kuniita. Akanyoosha kiganja. Nikamfungia njugu za bure, kwa ukurasa msafi kabisa. "Umenona," akasema. "Kitale imekukubali." Akaenda akitafuna.

Kurasa za mwisho nilizificha chini ya gunia. Nilizitaka sana na niliziogopa, kwa hivyo nilisoma kidogo kidogo, kama mtu anayelamba sukari. Siku hiyo Senge alikuta mteja anangoja na mimi nimeinamia karatasi.

"Ati unasoma? Nani alikuleta huku kusoma?"

"Si ni wewe, Senge."

Sikuwa na ufidhuli, nawaambia ukweli. Niliulizwa, nikajibu. Lakini Barasa aliangua kicheko pale kwa baiskeli zake, na mteja pia, na Senge hakuweza kuwachoma hao. Alichoma karatasi.

Miaka mingi niliamini nyumbani hawajui. Ndiyo maana sikutoroka; nilikuwa nangoja kuitwa. Nilishakuwa mama wa watu nilipoelewa kwamba walikuwa wanafika mpaka kisimani, wanachungulia, wanakula njugu, wanarudi zao.

Sasa Senge Rispa amekufa. Amerudishwa Kimilili, amezikwa karibu na baba, na leo tumenyolewa. Wanyama, mzee wa fimbo sasa, ameuliza vile vile kama zamani: nani ako na neno na marehemu? Mmoja ametaja jembe, mwingine ametaja kuku. Mimi nimesimama. Dada zangu wananivuta leso: "Kaa chini, Naliaka. Marehemu hasemwi."

Nimesema sina neno na marehemu. Yeye alikuwa vile alivyokuwa.

"Neno langu ni na wewe, Baba mkubwa. Ni wewe ulisema imepita. Ukanikuta kwa gunia, ukakula njugu zangu, ukaenda. Mbona hukuniita?"

Amekohoa, amesema tusimame tufunge kwa maombi. Watu wameinamisha vichwa.

Mimi sijainamisha. Kikao hakijafungwa, Wanyama. Nijibu kwanza.