Lebo ya Uingereza kwenye Koti la Baba

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na alama yake. Kila koti aliloshona, ndani ya kwapa la kushoto, mahali ambapo hata mvaaji hapaoni, alipiga mishono mitatu ya uzi wa kijani. Jina hakuweka. Alisema fundi anayebandika jina lake juu ya kazi haiamini kazi yenyewe. Tulikaa Mafubira, pembeni ya mji wa Jinja, cherehani lake likiwa barazani, na wanajeshi wa kambi ya Kimaka walikuja kupimwa hapo tangu sijazaliwa. Kiswahili cha nyumbani kwetu tulikipata kwao nusu, na nusu msikitini.

Mimi sikurithi mkono wake, nilirithi mdomo. Nilifungua kibanda sokoni Mbale, nikawa nauza makoti ya mitumba kutoka Uingereza, na katikati yake nikitundika mawili matatu ya Baba. Kwetu mwanamume akienda ukweni huvaa kanzu, na juu ya kanzu lazima koti la Kizungu. Nani alituamuru, hatukumbuki tena. Ila jaribu kwenda bila koti, wakwe watakuuliza kama umekuja kuwalimia shamba.

Siku moja mteja alijaribu koti la Baba. Lilimkaa vizuri mno, akajigeuza mbele ya kioo huku akitabasamu. Kisha akafanya wanachofanya wateja wangu wote: akalifungua kifuani kutafuta lebo.

"Hii ni ya wapi?" aliuliza.

"Ya Jinja, bwana. Fundi yake kali sana."

Akalivua upesi kana kwamba nimemwambia ni la marehemu. Akanunua la mtumba, ambalo huenda kweli lilikuwa la marehemu.

Nilikasirika, na hasira ikanipa akili mbaya. Nilichukua koti la mtumba lililoliwa na nondo, nikafumua lebo yake, yenye herufi za dhahabu zinazosema limetengenezwa Uingereza, nikaishona kwenye koti la Baba. Kesho yake likachukuliwa kabla ya adhuhuri. Nikarudia kwa la pili. Baada ya hapo sikuhesabu tena. Nilijiambia namsaidia mzee, na ni kweli alikuwa anakula kwa jasho lake. Uongo mtamu ni ule wenye chembe ya ukweli.

Kila nikirudi Mafubira alikuwa na swali moja tu.

"Ile ya kijivu, nani alichukua?"

"Mwalimu mmoja, Baba. Anasema mkono wako hauna mfano."

Alikuwa akicheka ameinamisha kichwa, kama bibi harusi. "Kumbe Mbale wananijua!" Halafu alikuwa akinikumbusha babu, aliyelima pamba Budondo kwa amri ya chifu, pamba ikapanda treni, ikavuka bahari, ikarudi kitambaa ambacho babu mwenyewe hakuweza kukinunua. "Sasa mimi nashona hapa na inavaliwa hapa," alisema. "Tumemaliza safari." Nilikuwa nikiitikia. Mungu anisamehe, nilikuwa nikiitikia huku nina lebo mfukoni.

Ndipo ikaja posa ya mpwa wangu wa kike, huko huko Mbale. Macho ya Baba yalikuwa yameanza kufifia, tukamwambia apumzike, akakataa katakata. Alitaka kwenda mji unaomjua.

Msemaji wa upande wa mume alivaa koti la kahawia. Baba alilitambua kwa mabega, kabla sijalitambua mimi. Wakati wa chai alimsogelea, uso umemng'aa, na nikajua anachosubiri kusikia.

"Bwana, hii koti nzuri. Ulitoa wapi?"

Yule bwana akalifungua kifuani. "London hii, mzee. Angalia lebo. Hawa fundi ya huku watashona hivi lini?"

Watu wakacheka. Baba akaingiza mkono ndani, kama anayepapasa kitambaa, na vidole vikateleza hadi kwapa la kushoto. Vikasimama hapo. Akageuza uso, akanitazama.

Sentensi moja tu ingetosha: ameishona baba yangu, huyu hapa. Lakini wanaume watatu nyuma yangu walikuwa wamevaa makoti waliyonunua kwangu. Nikatazama chai yangu.

Baba akatoa mkono. "Kweli, bwana," alisema. "Waingereza wanajua kushona."

Njia nzima ya kurudi Jinja nilingoja anigombeze. Nilitamani anigombeze. Aliongea habari za mvua na za mpwa wangu, basi. Mwezi uliofuata akanikabidhi koti jipya la bluu, zuri kuliko yote aliyowahi kushona. Kwa mazoea nikapapasa kwapani. Palikuwa laini.

"Baba, umesahau uzi wa kijani."

"Sijasahau," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Uzi ni ya koti yangu. Hii ni ya watu wako wa London. Weka lebo."

Sikuiweka. Baba naye hakupiga tena mishono ile mitatu, mpaka macho yalipomwishia kabisa. Niliacha biashara ya lebo, lakini kumwomba radhi nilikuwa nikiahirisha, leo, kesho, nikidhani muda upo.

Koti la bluu nililivaa juu ya kanzu siku tuliyomzika. Baada ya dua jirani yangu mmoja wa sokoni Mbale alinisogelea, akashika ukosi, akalisifu.

"Ameshona marehemu," nilimwambia, kwa sauti ambayo kila mtu alisikia. "Baba yangu ndiye aliyelishona."

Akalifungua kifuani, akatafuta. Hakuona lebo. Nikajisahau, nikamwonyesha kwapa la kushoto, na huko pia hakukuwa na kitu. Akalifunga taratibu, akanishika bega, akanipa pole.