Kiganja Ubavuni mwa Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya mifugo Kajiado, Daktari Mkuu hakunipa sindano wala kalamu. Alinipeleka zizini, akanisimamisha kando ya ng'ombe mwekundu, akaniagiza niweke kiganja ubavuni mwake, upande wa kulia, nivute pumzi kumi polepole.

"Nimemaliza, mkubwa."

"Hizo ni pumzi za mtu anakimbizwa na mbwa. Anza tena."

Mara ya tatu moyo wangu ulitulia. Chini ya kiganja kitu kikasukuma, kikarudi.

"Hiyo ni nini?"

"Ndiyo hiyo, sasa unauliza! Ni ndama. Kushoto kuna tumbo la majani, kulia ndiko ndama hulala. Ukikuja na mawazo ya nyumbani kwako, hutamsikia. Wazo likija, lione, liache lipite, rudi mkononi."

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mafunzo ya usaidizi wa afya ya mifugo: kuchanja, kupima joto, kusimamia josho, lile shimo la dawa ya kupe. Watu waliniita daktari, nami sikuwakatalia. Nilipohamishiwa Kimana nililifuata somo lile, hata kwa watu. Mfugaji akinifokea, nilivuta pumzi zangu kumi huku nikijiuliza anaogopa nini. Mara nyingi kweli ilikuwa ni hofu, na tukielewana hapo, kazi ilikwenda.

Kisha nikaletwa Kitengela, na ukame ukatukuta huko. Kazi ikawa kuchagua. Mnyama aliyedhoofika kupita kiasi nilimpaka rangi mgongoni, achinjwe angali na nyama, majirani wagawane. Kanuni ilikuwa moja: mwenye mimba haguswi. Kila siku nilipita kati ya mizoga, na polepole nikaacha kusimama, nikaacha kuvuta pumzi. Nilidhani kuwa mgumu ndiko kuvumilia.

Nyuma ya mtaa wa Noonkopir aliishi mjane, Mama Nashipai. Alibaki na ng'ombe mmoja, naye alikuwa amelala chini.

"Supai, daktari."

"Mama, niko na boma tisa leo."

"Hata salamu siku hizi iko na foleni?"

Nilitikisa mkebe wa rangi.

"Huyu ataamka," akasema. "Jana alikunywa maji ya unga."

"Mama, huyu amekwisha."

Alisogea kando, nikapaka rangi. Daktari alikuwa amesema.

Alasiri mchinjaji aliniita. "Daktari, kuja uone. Huyu alikuwa na ndama ndani. Alibakisha wiki chache tu."

Niligeuza uso, nikapanda gari. Huenda dripu na majani vingemwinua ng'ombe yule, huenda asingeinuka. Mimi ndiye niliyezuia tusijue.

Nilimweleza Daktari Mkuu kwa simu. Hakunifokea. "Ripoti utaandika baadaye," alisema. "Kwanza nenda umwambie mwenye ng'ombe. Na usiende kujitetea."

Kesho yake nilikwenda. Nikasalimu vizuri, nikasema yote: kwamba sikuweka mkono, kwamba kosa ni langu. Mama Nashipai alisikiliza akiangalia nafasi tupu pale zizini. Kisha akauliza, "Alikuwa rangi gani?"

"Nani, mama?"

"Ndama."

Sikujua. Sikuwa nimemwangalia.

Nilirudi kwa mchinjaji, nikauliza, nikatembea tena hadi kwa mama. "Mweusi, tumbo jeupe."

"Basi alifuata nyanya yake," alisema. Akaanza kunieleza habari za nyanya huyo, na za mama wa nyanya, rangi kwa rangi, ni nani alimleta kutoka wapi, yupi aliwapa watoto wa mjane huyo maziwa. Katikati alilia, kisha akaendelea. Nilikaa mpaka alipomaliza. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

Sasa nimestaafu, naishi hapa hapa Kitengela. Vijana wa kazi hii huja kuniuliza mtu huvumilia vipi miaka mibaya bila kuwa jiwe. Nawafundisha zile pumzi kumi, na nawaambia waulize maswali, hata yale wanayoogopa majibu yake. Zaidi ya yote nawasihi wasigeuze uso. Mamia ya wanyama niliowatazama sawasawa wamenitoka akilini. Yule mweusi wa tumbo jeupe, ambaye sikumtazama kamwe, namwona kila siku.