Mwisho Niliompa Mgeni

Kabla sijamwona nilimsikia: ta, ta-ta, ta, kutoka chumba cha uani, nyumbani kwetu Nachingwea. Nikadhani ni Bibi anabangua korosho. Kumbe ni Mwalimu Helena, Mkanada aliyekuja kufundisha sekondari, akipiga taipureta juu ya meza yangu ya madaftari.

Nilikuwa na miaka tisa, na kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kumwitikia Bibi. Kwetu hadithi haiendi bila mwitikiaji. Msimulizi akitua, mmoja hujibu, na huyo ndiye anayeonja korosho za kwanza zingali za moto. Wiki ya pili, Bibi akamkalisha Helena mahali pangu mkekani.

"Leo ataitikia mgeni," alisema. "Wewe Somoe, mfasirie."

Nikamfasiria. Kwa Kimwera, Bibi alisimulia habari za mwanamke wa Nandagala aliyemfuata mumewe mpaka Mto Mbwemkuru, akampata, wakarudi kupalilia ufuta wao. Kwa Kiswahili, mimi nikamzamisha yule mume. Mkewe nikamwacha ng'ambo, peke yake, akingoja kanga yake ikauke. Helena alilia, korosho zangu mkononi mwake. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Leo Helena ni mshairi na mwandishi wa riwaya anayeheshimiwa kwao. Alianza na vitabu viwili vya mashairi visivyonunuliwa, akaendelea kufundisha huku akiandika alfajiri, wanawe wamelala. Riwaya iliyompa jina inaishia mtoni, mwanamke akingoja kanga ikauke. Niliisoma nikiwa chuoni, wivu ukaniwasha kama moshi wa maganda ya korosho. Ningemdai vipi? Ningelazimika kuanza kwa kukiri kwamba nilidanganya.

Zamani zile, nikiwa bado mtoto, siku Helena alipohamia shule ya Ruangwa, alinikumbatia sana, akajitwika taipureta kichwani kama ndoo ya maji, akatoka. Bibi, aliyekisikia Kiswahili kuliko alivyokisema, akanigeukia.

"Yule mume hakufa."

Niliinamisha kichwa. "Mbona hukumwambia, Bibi?"

"Nimwambie nini? Changu ninacho. Alichobeba ni chako."

Nilidhani ananisifu, nikatabasamu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa akinihurumia: hadithi ya kwanza niliyoitunga maishani niliitoa kwa husuda, kwa mtu aliyejua kuitunza kuliko mimi.

Helena alikuwa ameshafika barabarani. Bibi akauvuta mlango, akaufunga.