Mkunga Asiyemwamini Mtu na Fomu ya Gazeti

Wifi yangu ni mkunga mstaafu, na kwa kushuku watu hana mpinzani. Ukimwuliza habari za asubuhi, anataka kujua umetumwa na nani. Miaka thelathini na mmoja ya wodi ya wazazi ameiandika kwa mkono kwenye madaftari, kisa kimoja kimoja, na hamu yake ni moja tu: kitabu chenye jina lake.

Makala ya kwanza aliipeleka gazetini mwenyewe, nami nikamsindikiza. Mhariri alimpa fomu. Akaisoma kwa miwani, akairudia bila miwani.

"'Haki zote'? Zote za nini? Mwanangu, mimi nakuazima kisa, sikupi."

Akafuta, akaandika: kichapishwe mara moja gazetini, baada ya hapo ni changu. Mhariri akatia saini huku akicheka. Basi hapo ndipo wasiwasi ulipozidi.

"Mbona amekubali upesi hivi? Huyu ana lake jambo."

Zile kumi na moja zilizofuata nilizituma mimi kwa kompyuta ya kazini kwangu, maana hata mtandao hauamini. Kila Jumapili alilinganisha gazeti na daftari mstari kwa mstari, akitafuta alipoibiwa. Nilimtania hadi nikachoka.

Juzi tukaona tangazo: gazeti linatoa kitabu cha visa vya wodini, jina la gazeti likiwa juu ya jalada. Ala! Hata chai hakumaliza. Akaniburuta hadi kwa mhariri, akaibwaga ile fomu mezani.

"Nilijua! Nilijua tu!"

Mhariri hakupandisha sauti. "Mama, fomu hii ni ya makala ya kwanza, na hiyo hatukuiweka kitabuni. Nyingine zimekuja kwa mtandao, na kila moja tumepewa haki zote."

Akatugeuzia kompyuta. Makala kumi na moja, na mbele ya kila moja: Nakubali.

Kile kitufe cha Nakubali nilikiona kila mara. Usipokibonyeza makala haiendi, nami nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye kazi za watu. Sikusoma hata neno.

"Waongo wakubwa!" wifi akafoka, akanishika mkono. "Wifi, hebu waambie. Wewe ndiye uliyekuwa unatuma, na dunia nzima hii nakuamini wewe tu."

Nikamwomba kwanza akae.